Mchunga mbuzi aliyehesabu mizani: Miguel Hernández na wimbo wa kitunguu

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, Morogoro. Tulipokutana walimu wa fasihi, mwenzetu mmoja alisimama akasema vina na mizani ni pingu za ushairi. Akatoa mfano wa mshairi wa Hispania, Miguel Hernández: kwamba alikuwa mchunga mbuzi asiyesoma, akatoa tu yaliyomo moyoni, na ndiyo maana wimbo wake wa kitunguu umewaliza watu dunia nzima. Sikuwa na la kujibu. Je, ni kweli? Na huo wimbo wa kitunguu una nini hasa?

Jibu: Mwalimu, salamu nyingi, na asante kwa swali ambalo nimelingoja miaka mingi mtu aniulize. Mwenzako amepatia mwanzo na mwisho. Hernández alichunga mbuzi kweli, na wimbo wa kitunguu umewaliza watu kweli, mimi nikiwemo. Palipoharibika ni pale katikati. Mtu huyu alisoma kwa kiu kubwa, tena mizani na vina aliviandama kama mwanafunzi wa fundi anavyoandama nyundo na patasi. Kumwita mshairi wa moyo mtupu ni kumpokonya kazi ya maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1910 Orihuela, mji mdogo wa mkoa wa Alicante, kusini-mashariki mwa Hispania, kando ya mto Segura. Ni mji wa makanisa, mashamba ya michungwa na ndimu, na msitu wa mitende pembeni. Baba yake alifuga mbuzi na kufanya biashara ya mifugo. Hawakuwa na ukwasi, ila hawakuwa watu wa kulala njaa. Mtoto akapelekwa shule, akafika hadi chuo cha Wajesuiti cha Santo Domingo na kufanya vizuri sana. Mwaka 1925, akiwa na miaka 14, baba yake akamtoa. Kaka yake alikuwa tayari malishoni na zizi lilihitaji mikono. Tangu hapo Miguel alipeleka mbuzi mlimani, akakamua, akapita mitaani kugawa maziwa nyumba kwa nyumba.

Akaendelea kusoma huko huko mlimani. Padri mmoja wa mjini, Luis Almarcha, alimfungulia kabati lake la vitabu, na kijana akawa anashuka na mbuzi huku vitabu vya washairi wa zamani, Virgilio wa Roma na San Juan de la Cruz wa Hispania, vimo mkobani. Usiku alisoma kwa kujificha, maana baba yake hakutaka kumkuta na kitabu, na akimkuta alimpiga. Jioni nyingine vijana walikutana kwenye tanuri la mikate la akina Fenoll, wakasomeana mashairi kwenye joto la mkate. Hapo alimpata Ramón Sijé, mdogo wake kwa miaka mitatu, mwanafunzi wa sheria mwenye akili kali. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Hadithi ya mchungaji asiyesoma ilitoka wapi basi? Kwa sehemu ilitoka kwake mwenyewe. Mwishoni mwa 1931 alikwenda Madrid kutafuta bahati, na kabla ya kuondoka alimwandikia mshairi mkubwa Juan Ramón Jiménez barua akijitambulisha kama mchungaji mwenye mishororo yapata elfu ambayo haijachapwa. Magazeti ya Madrid yalilipenda umbo hilo: kijana wa mlimani, uso umebabuka kwa jua, anatunga. Yakampiga picha, yakaandika, yakamsahau. Mwezi Mei 1932 alikuwa amerudi Orihuela mikono mitupu. Jina la mshairi mchungaji lilibaki kumganda, nalo limedumu kuliko magazeti yenyewe.

Sasa tazama alichofanya aliporudi. Mwanzoni mwa 1933, huko Murcia, akatoa kitabu chake cha kwanza, Perito en lunas, yaani bingwa wa mambo ya mwezi. Kina beti 42. Kila ubeti una mishororo minane, kila mshororo mizani kumi na moja, na vina vinakwenda abababcc bila kuchepuka hata mara moja. Alikuwa amemsoma Góngora, mshairi wa karne ya 17 anayeogopwa kwa ugumu, ambaye washairi vijana wa Hispania walikuwa wamemfufua mwaka 1927 alipotimiza miaka 300 tangu kufa. Na kila ubeti wa Hernández ni kitendawili. Anasawiri jogoo, tikiti maji, kisima, komamanga, lakini jina la kitu halimo, na vichwa vya mashairi alivitoa kabla ya kuchapa. Msomaji anaambiwa kitendawili, anajibu tega, kisha anaachwa peke yake.

Chukua huu mmoja. Unaanza: Anda, columna, ten un desenlace / de surtidor. Tembea, ewe nguzo. Mwisho wako uwe chemchemi inayorusha maji. Halafu: anza kwa mwiba wa kisigino cha mpanda farasi, utie mwezi msokoto wa nywele, uwe ngamia mrefu kupita wote, wa rangi ya mdalasini. Ni nini? Mtu wa Zanzibar au Lamu angekuwa ameshajibu: mtende. Shina ni nguzo, makuti yanamwagika juu kama maji, miiba, nundu za shina, rangi ya mdalasini. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mlima, na mitende haikuwa mbali. Kijana alikaa na mbuzi akatazama mti mmoja mpaka akaona ngamia, kisha akahesabu: An-da-co-lum-na-ten-un-de-sen-la-ce. Kumi na moja barabara.

Nikwambie wazi, si beti zote za kitabu hicho zinazopendeza. Nyingine zimefungwa mno, funguo hazipatikani. Watu wachache sana walikinunua, naye aliumia, akamwandikia mshairi mwenzake Federico García Lorca kulalamika kwamba hakuna anayekitazama. Lakini mtu aliyepita kwenye tanuri la beti 42 za aina ile hawezi tena kushindwa na umbo lolote. Shika hilo, maana ndilo lililomsaidia gerezani.

Alirudi Madrid, na safari hii mambo yakashika. Alipata kazi kwa José María de Cossío, aliyekuwa akikusanya ensaiklopidia kubwa ya mchezo wa fahali. Akawa rafiki wa washairi Pablo Neruda wa Chile na Vicente Aleixandre wa Hispania. Neruda ameandika jambo ambalo mimi silisahau: kwamba Miguel alimsimulia inavyokuwa ukiweka sikio juu ya tumbo la mbuzi aliyelala, unasikia sauti ya maziwa yakishuka kwenda kwenye kiwele. Hiyo nayo ni elimu, na anayeihubiri elimu ya vitabu asiidharau. Hernández alikuwa nayo pamoja na Góngora, na ndipo utamu wake ulipo.

Tarehe 24 Desemba 1935 Ramón Sijé alifariki Orihuela, akiwa na miaka 22. Walikuwa wameachana kimawazo. Sijé alibaki Mkatoliki wa msimamo mkali, Miguel alikuwa amevutwa na akina Neruda, na hawakuwahi kukaa chini wakayamaliza. Habari ilimkuta Madrid. Ndani ya wiki chache alikuwa ameandika shairi la maombolezo, Elegía, lililoingia katika kitabu chake cha 1936, El rayo que no cesa, yaani radi isiyokoma. Kitabu hicho kwa sehemu kubwa ni soneti za mapenzi, yaani mashairi ya mishororo kumi na minne, lakini shairi hili ndilo watu wanalolijua kwa moyo.

Hapa nataka nikae kidogo, Mwalimu, kwa sababu Kiswahili kinatupa zawadi ambayo watafsiri wa lugha nyingi hawana. Juu ya shairi aliweka maneno haya: En Orihuela, su pueblo y el mío, se me ha muerto como del rayo Ramón Sijé, con quien tanto quería. Ile se me ha muerto inawahangaisha watafsiri wengi. Si kwamba Ramón amekufa tu, wala si kwamba nimempoteza. Ndani ya kitenzi mmeingizwa yule aliyeachwa. Sisi tunalo neno lake zima zima: amenifia. Mwanafunzi wako wa kidato cha pili anayejua kauli ya kutendea anaweza kulitafsiri kuliko maprofesa. Na lile la mwisho, con quien tanto quería, halisemi niliyempenda. Linasema niliyependa naye. Walikuwa wawili wanaopenda pamoja vitu vile vile, vitabu, mji, tanuri la mikate. Basi: Huko Orihuela, mji wake na wangu, amenifia kama kwa radi Ramón Sijé, niliyependa naye sana.

Shairi lenyewe limeandikwa kwa beti za mishororo mitatu mitatu ambazo kina cha mshororo wa kati hushika mishororo ya kwanza na ya tatu ya ubeti unaofuata. Zinaungana kama pete za mkufu, huwezi kuchomoa mmoja. Linaanza kwa kusema anataka kuwa, huku akilia, mkulima wa udongo anaoulalia rafiki yake na kuutia samadi. Estercolas, kutia samadi. Neno la zizini hilo, limeingizwa katika maombolezo, na halichafui kitu. Kisha uchungu unapanda hadi mtu anataka kuchimba ardhi kwa meno, kuipekua kipande kwa kipande. Neno temprano, mapema, linapigwa mara tatu mfululizo mwanzoni mwa mishororo mitatu: mapema kifo kimeruka, mapema alfajiri imedamka, mapema unagaragara chini. Mwisho anamwita rafiki aje chini ya mlozi uliochanua, maana tuna mengi ya kuzungumza, mwenzangu wa moyoni, mwenzangu. Ubeti wa mwisho una mishororo minne badala ya mitatu. Kanuni ya umbo hilo inataka hivyo, ili kina kisibaki yatima. Lakini ukisoma kwa sauti unasikia mtu ambaye hataki kuondoka makaburini, anaongeza neno moja tena. Kanuni ilimpa nafasi ya kulia zaidi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Julai 1936. Alijitolea upande wa Jamhuri, akachimba mahandaki karibu na Madrid, kisha akawekwa kwenye kazi ya utamaduni kati ya askari. Alisoma mashairi kwenye mstari wa mbele. Kipindi hiki nakipita haraka, maana mashairi yake ya hamasa hayana uzito sawa, mengine ni hotuba. Ila moja lazima ulijue: El niño yuntero, la mtoto anayelima kwa jozi ya maksai, kutoka kitabu cha 1937, Viento del pueblo. Linaanza Carne de yugo, ha nacido, nyama ya nira amezaliwa. Hesabu kwa namna ya Kihispania, ambako irabu ya mwisho wa neno na ya mwanzo wa neno linalofuata huyeyuka kuwa silabi moja: Car-ne-de-yu-goha-na-ci-do. Nane. Beti za mishororo minne, mizani nane. Umeshaona ninakokwenda. Vina vyao ni abab na vyetu vya utenzi ni aaab, lakini kipimo ni kile kile cha Utenzi wa Mwana Kupona. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Nane ndicho kipimo cha nyimbo za watu wa kawaida huko Hispania, kinakaa kichwani bila karatasi, na askari aliyekaa kwenye matope alikuwa na masikio tu. Hernández aliacha kumi na moja za Góngora akashika nane kwa kujua anachofanya.

Katika vita hivyo alimwoa Josefina Manresa, mshona nguo, Machi 1937. Mtoto wao wa kwanza, Manuel Ramón, alizaliwa Desemba mwaka huo akafa Oktoba 1938, miezi kumi tu. Wa pili, Manuel Miguel, akazaliwa tarehe 4 Januari 1939. Miezi mitatu baadaye Jenerali Franco, aliyepigana na Jamhuri, alikuwa ameshinda. Hernández alijaribu kukimbilia Ureno. Polisi wa huko wakamkamata na kumrudisha mpakani.

Sasa kitunguu. Septemba 1939 yuko gereza la Torrijos, Madrid. Josefina yuko kijijini Cox, karibu na Orihuela, ananyonyesha, na katika barua anamwambia hana cha kula ila mkate na kitunguu. Tarehe 12 Septemba Miguel anamjibu. Anasema harufu ya kitunguu unachokula inanifikia hata hapa, na mwanangu ataona amedhulumiwa, kunyonya maji ya kitunguu badala ya maziwa. Ili umtulize, nakutumia hivi vibeti nilivyomtungia, maana hapa sina kazi nyingine ila kuwaandikia ninyi au kukata tamaa.

Vibeti hivyo ndivyo Nanas de la cebolla, bembelezi za kitunguu. Beti 12, kila mmoja mishororo saba, kwa kipimo cha seguidilla, wimbo wa zamani wa ngoma na wa wanawake nyumbani: mizani 7, 5, 7, 5, kisha 5, 7, 5. Ubeti wa kwanza:

La cebolla es escarcha
cerrada y pobre:
escarcha de tus días
y de mis noches.
Hambre y cebolla:
hielo negro y escarcha
grande y redonda.

Kitunguu ni umande ulioganda, umejifunga, maskini: umande wa mchana wako na wa usiku wangu. Njaa na kitunguu: barafu nyeusi na umande ulioganda, mkubwa, wa duara. Katika tafsiri yangu mizani imekufa, samahani, kwa hiyo rudi kwenye asili uhesabu: La-ce-bo-llaes-es-car-cha, saba. Ce-rra-day-po-bre, tano. Vina utaviona vya ajabu, pobre na noches, cebolla na redonda. Kwetu mtu angesema ni guni. Kwao kina cha irabu peke yake kinakubalika, na ndicho kina cha nyimbo za watu. Katika seguidilla hutarajiwi kutia kina kizima.

Sikiliza mshororo wa mizani saba na wa mizani tano unavyopokezana. Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Ndivyo mama anavyompembeza mtoto kwa magoti. Katika tatu za mwisho mwendo unageuka, tano, saba, tano, kama mtu aliyebadilisha mkono. Baba hakuwepo kumbeba, akampelekea mwendo wa kubebwa. Kama angeandika kwa mishororo huru Josefina angepata barua nzuri, lakini asingepata kitu cha kumwimbia mtoto usiku ule ule.

Katikati ya wimbo mtoto anacheka. Yuko mwezi wa nane, ana meno matano, na baba anayahesabu: maua matano ya mchungwa, ukali mdogo mdogo mitano, meno matano kama asumini tano changa. Tu risa me hace libre, me pone alas. Kicheko chako kinaniweka huru, kinanipa mbawa. Huenda baba alikuwa hajayaona meno hayo, aliandikiwa tu.

Na ubeti wa mwisho:

Vuela niño en la doble
luna del pecho.
Él, triste de cebolla.
Tú, satisfecho.
No te derrumbes.
No sepas lo que pasa
ni lo que ocurre.

Ruka, mwanangu, kwenye mwezi pacha wa kifua. Chenyewe kina huzuni ya kitunguu. Wewe umeshiba. Usiporomoke. Usijue kinachopita wala kinachotukia. Mwezi umerudi, Mwalimu. Yule kijana aliyetunga vitendawili 42 na kujiita bingwa wa mambo ya mwezi sasa anategua kimoja gerezani: mwezi pacha ni matiti ya mama mwenye njaa. Bila miaka ile ya Góngora mlimani asingeuona.

Siku chache baada ya barua hiyo aliachiwa ghafla, akaenda Cox kumwona mke na mtoto, na tarehe 29 Septemba akakamatwa tena Orihuela. Januari 1940 alihukumiwa kifo. Marafiki walihangaika na adhabu ikageuzwa kuwa miaka 30. Akahamishwa Palencia, Ocaña, mwishowe Alicante, akaugua vibaya, kifua kikuu kikiwemo. Alimwandikia mwanawe hadithi kwenye karatasi za chooni. Wasomaji wetu watamkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyetunga kwenye karatasi za aina hiyo hiyo katika gereza la Kamiti, naye pia akishika mizani. Hernández alifariki tarehe 28 Machi 1942, na umri wake ulikuwa miaka 31.

Mashairi yake ya mwisho, Cancionero y romancero de ausencias, yalichapwa Buenos Aires mwaka 1958. Ni mafupi mno. Mojawapo linasema alikuja na majeraha matatu: la penzi, la kifo, la uhai. Linarudia mara mbili zaidi, likibadilisha mpangilio wa maneno hayo matatu, na mwisho anasema: mimi na majeraha matatu, la uhai, la kifo, la penzi. Jeraha la penzi lililoanza ndilo limewekwa mwisho. Shairi zima halina zaidi ya hilo. Ukitaka kumjibu mwenzako kwa dakika moja, mwandikie hilo ubaoni.

Ukiwa na kipindi kizima, anza na wimbo wa kitunguu. Wasome wanafunzi ubeti wa kwanza kwa Kihispania hata kama hawajui neno. Kihispania kinatamkika kwa mdomo wa Mswahili bila taabu kubwa, ila wakumbushe kwamba ll husomwa kama y na h haisikiki. Wapige makofi saba, tano, saba, tano. Ndipo uwape maana. Mwimbaji wa Hispania Joan Manuel Serrat aliuimba katika albamu yake ya 1972 kwa muziki wa Alberto Cortez, na ni wimbo mzuri sana, lakini wasikilizishe mwishoni, wakiwa wameshahesabu. Muziki ule unakwenda taratibu, na akiusikia kwanza mwanafunzi hatayasikia yale magoti ya mama.